Niletee Jani

Kwetu Buger, kila aliyewahi kupanda hata tuta moja la mchicha ana kisa chake cha kugombezwa na Bwana Shamba. Wengi wanakisimulia kwa kicheko, maana miaka imepita na mboga ziliota. Kuna mzee mmoja wa kitongoji chetu, tunamwita Mzee Nyanya, yeye husimama kabisa ili aigize alivyofukuzwa ofisini na nyanya zake nne zilizooza, na watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Mimi kisa changu sijawahi kumsimulia mtu. Leo nasema, ila mniache nianzie ninapotaka mimi, kwa sababu nikianzia penyewe sitamaliza.

Sijui alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Nilipoanza kujua mambo nilimkuta yupo, na pikipiki yake ya serikali iliyosikika kutoka ng'ambo ya bonde kabla hujaiona. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Kwa wakubwa na wadogo alikuwa Bwana Shamba tu, hata mke wake alimwita hivyo mbele za watu. Mrefu, mwembamba, shati jeupe limeingizwa ndani ya suruali hata siku ya kuchimba mashimo, na buti za mpira alizozivua mlangoni mwa kila nyumba, hata nyumba ya udongo ambayo mwenyewe anamwambia, ingia tu baba, ingia na viatu. Heshima yake ilikuwa miguuni. Mdomoni hakubakiza kitu.

"Usiniletee maneno, niletee jani." Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ukianza kumweleza kwamba mahindi yako yamegeuka rangi, au maharage yanasinyaa, alikuwa anakukata katikati. Anainua kiganja namna hii, mbele ya uso wako, halafu anakuuliza jani liko wapi. Huna jani? Rudi ulikotoka. Hata kama umetembea saa mbili. Basi kata nzima ikajifunza kutembea na majani. Siku zake za ofisi zilikuwa Jumanne na Ijumaa, na siku hizo ungekutana na watu njiani wameshika majani yamefungwa kwenye karatasi ya daftari, wengine ndani ya kofia, na mke wa mwinjilisti alileta la kwake katikati ya Biblia ili lisijikunje.

Alikuwa analipokea jani kwa mikono miwili. Analigeuza, analitazama chini, analielekeza kwenye mwanga wa dirisha, analinusa. Nimewahi kumwona akilionja na kutema. Halafu anakuambia, bila kusita, ni kitu gani na ufanye nini, na akishakuambia ndivyo inavyokuwa. Hapo sitamdhulumu. Alijua. Leo mtu akiona doa kwenye jani anapiga picha, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp, watu arobaini wanamjibu na kila mmoja ana lake. Wakati ule simu kwetu zilikuwa za watu wawili watatu, na mawimbi ilibidi uyapandie kilimani. Jibu lilikuwa moja, na alikuwa nalo mtu mmoja kwa kata mbili, na mtu huyo alikuwa na mdomo.

Kwa sababu ya huo mdomo, wakubwa walituma watoto. Watoto hakuwatukana, alituhoji. Unampa jani, anakuuliza limetoka upande gani wa shamba, samadi mmeweka lini, maji mnatoa wapi. Akishakupa jibu anakusimamisha mbele ya meza. "Sema nilivyokuambia." Unasema. "Tena." Unasema. "Mara ya tatu." Ukikosea mara ya tatu mnaanza upya. Ukipatia, anakurudishia karatasi yako ya daftari, amekunja vizuri, anasema: "Haya. Nenda ukamwambie mama yako." Kila mtoto aliyesoma shule yetu miaka ile anaweza kukuigizia hiyo sauti.

Kwake mwenyewe hapakuwa na hata mche wa pilipili. Nyumba ya serikali ile, uani palifagiliwa mpaka udongo ulikuwa unang'aa, na mke wake alinunua mboga kwa jirani kama mwalimu yeyote. Watu walimteta sana kwa hilo. Alipoulizwa kwenye mkutano, alijibu kwamba akipanda kwake watu watakuja kuangalia kwake badala ya kuangalia kwao. Jibu zuri, watu wakapiga makofi. Lakini mke wake alimwambia mama yangu jambo jingine siku moja walipokuwa wakifua kisimani. Alisema kwenye kituo cha kwanza walichopangiwa aliwahi kupanda kabichi, baridi ikaziunguza zote asubuhi moja, na mume wake alikaa wiki nzima bila kula vizuri. "Hawezi kuvumilia kitu kife mikononi mwake," alisema. Mama alicheka kwa hilo. Wakati huo bado alikuwa anamcheka Bwana Shamba, na si yeye kuchekwa.

Sasa niseme habari za mama. Sisi Wairaqw tunalima na tunafuga, lakini kuna watu wa jembe na watu wa zizi, na mama yangu ni mtu wa zizi. Shule hakwenda. Ng'ombe anamjua kwa kumsikia akipumua. Baba alikuwa mpishi kwenye kambi za watalii huko Ngorongoro, anakuja nyumbani kwa mwezi mara moja, kwa hiyo ng'ombe wanne na watoto wawili walikuwa wa mama. Watoto wenyewe ni mimi, Theresia, na mdogo wangu Emiliana aliyenifuata kwa mbali sana, miaka kumi, baada ya mimba mbili kuharibika. Huyo mtoto alikuwa anabebwa kama yai. Zahanati walimpima wakasema uzito hautoshi, apewe mboga za majani kila siku. Mboga tulikuwa tunapata msimu wa mvua tu, mnafu wa porini na majani ya maboga. Kiangazi tulikula ugali na maziwa.

Ndipo shirika moja likaleta mbegu, na Bwana Shamba akaunda kikundi cha akina mama cha bustani za nyumbani. Alikuwa anawafundisha nyuma ya kanisa: kitalu, matuta ya kuzamisha ili yashike maji, kutumia maji ya kuoshea vyombo. Mama alijiunga kwa ajili ya uzito wa Emiliana, si kwa kingine. Na siku ya pili ya mafunzo aliuliza swali. Nilikuwepo, nimembeba mtoto mgongoni. Aliuliza kama miche michanga inyweshwe alfajiri baada ya kukamua, au wasubiri jua lipande kidogo kama wanavyosubiri kwa ndama, ili maji ya baridi yasiichome tumbo.

Bwana Shamba alimtazama. Kisha akawageukia wale wanawake wengine, na nilimwona anavyojiandaa, jinsi mtu anavyojiandaa kusema jambo analojua litachekesha.

"Mama, mboga haina tumbo. Au unataka na kamba tuifunge shingoni, isije ikatoroka?"

Loo! Wanawake walicheka, wengine walilala chini. Na yeye akawa ameshikwa na raha yake, akaendelea: tutaikamua saa ngapi, tutaiita nani. Mama alicheka pia, kwa aibu, mkono mdomoni. Tangu siku hiyo kijiji kizima kilimwita Mama Ndama. Hata leo wapo wanaomwita hivyo. Na tangu siku hiyo mama yangu hakuuliza swali jingine mbele ya watu, liwe la mboga au la Mungu.

Lakini bustani ilimkubali. Alimwagilia jinsi alivyoona mwenyewe, jua likishapanda, na sukuma wiki zake zilinona kuliko za mwenyekiti wa kikundi. Matuta matatu kando ya zizi, uzio wa miiba. Emiliana aliongezeka uzito. Mama alimpikia vile vijani vya juu, laini, anavikatakata vidogo sana. Miezi ile nyumba yetu ilikuwa na furaha, na nasema hivi nikijua ninachosema.

Halafu wakaja wadudu mafuta. Anayelima anawajua, wale wadogo wa kijivu wanaojaa chini ya jani na kulinyonya mpaka linajikunja. Siku tatu, tuta la kwanza lote. Mama aligeuza jani moja akalitazama muda mrefu. Aling'oa karatasi kwenye daftari langu la hisabati, akalifunga.

"Dasi," aliniita, kwa Kiiraqw, binti. "Mpelekee Bwana Shamba. Mimi nikienda atanicheka tena. Wewe ni mtoto wa shule, wewe hatakucheka."

Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilitoka shuleni nikapitiliza mpaka ofisi ya kata, na kabla sijafika nilisikia kicheko. Mlango ulikuwa wazi. Watu watano sita kwenye benchi, na katikati Mzee Nyanya, wakati huo bado hana jina hilo, nyanya zake nne juu ya meza. Bwana Shamba alikuwa amesimama.

"Hii ni nyanya au ni uji? Ukungu umekula wiki tatu, wewe ulikuwa umesafiri? Mbuzi wako angekuwa na mdomo angekuja mapema kuliko wewe!"

Watu wanakufa kwa kucheka. Mzee wa watu anatabasamu, jasho linamtoka. Nami nimesimama mlangoni na jani langu. Nilijua kabisa watoto hakuwacheka. Nilijua atanihoji, atanisemesha mara tatu, basi. Lakini nilifikiria kwamba ataniuliza mimi ni mtoto wa nani, na itabidi niseme, na benchi zima litasema kwa sauti moja: wa Mama Ndama. Nikageuka. Kwenye mtaro wa barabara nikalitupa lile jani na karatasi yake. Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anasubiri.

"Sijamkuta," nikasema.

Neno moja. Hata halikunitoa jasho.

Mama alisema basi Jumanne utarudi. Mimi nikasema ndiyo. Lakini Jumamosi tuta la pili nalo lilikuwa limeshikwa, na mama akaanza kufikiri kwa akili yake, na akili yake ilikuwa ya zizini. Mdudu anayeng'ang'ania na kunyonya ni kupe. Kupe tunamwulia dawa ya josho. Ng'ombe anaogeshwa asubuhi na jioni tunakunywa maziwa yake, na hakuna aliyewahi kuugua. Mtanionyesha wapi alipokosea, mkiwa watu wasiosoma, na mtoto wenu anahitaji mboga kila siku, na aliye na jibu hayupo ofisini? Mimi nimesoma na bado naona ni hesabu iliyonyooka. Alichukua chupa ya dawa ya kupe, akapima kwa kifuniko kama anavyopima ya ng'ombe, akanyunyizia kwa fagio la majani.

Jumapili wadudu wote walikuwa chini. "Nimewaweza," aliniambia, na aliimba akiwa anakamua. Jumatatu akachuma vile vijani vya juu.

Mchana mimi nilikuwa shuleni, nilikula makande ya shule. Emiliana alikula kwanza, kama kawaida, na mama akala mwisho kilichobaki chunguni, kama kawaida. Niliporudi watu walikuwa wamejaa uani. Mama amelala chini ya ukuta, anatetemeka mwili mzima, mate yanamtoka. Gari la kubebea vitunguu la jirani lilishaondoka na mtoto kwenda Karatu mjini. Hakufika. Walimrudisha jioni ile ile amefungwa kwenye shuka la Kimasai la dereva.

Mama alipona, kama ni kupona. Kitu cha kwanza alichosema alipoweza kusema ni: "Nilimtuma mtoto, hakumkuta."

Na kwenye msiba mtendaji wa kata akamuuliza Bwana Shamba, mbele ya watu, kwa sauti. Mama huyu alimtuma mtoto Ijumaa, siku yako ya ofisi. Mtoto hakukukuta. Ulikuwa wapi? Nilikuwa nimekaa mkekani karibu na miguu ya mama. Sijawahi kuogopa vile tena maishani, na sitaogopa. Mzee Nyanya alikuwepo. Wote wa lile benchi walikuwepo. Kwamba Bwana Shamba alikuwa ofisini Ijumaa nzima walikuwa wanajua watu sita.

Bwana Shamba alikuwa hana buti, alizivua mlangoni. Alinitazama, kisha akatazama soksi zake.

"Nilitoka kidogo," akasema. "Nafikiri ndipo alipokuja."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja akatema mate pembeni. Na mimi nilinyamaza kimya kama maji mtungini, na kimya hicho nimeishi nacho miaka kumi na minane.

Hakukaa mwezi. Walimhamishia wilaya ya Ngorongoro, huko Enguserosambu, na sisi tukakaa miaka bila mtu yeyote. Kikundi kilikufa. Ukiwa na swali ulikwenda nalo kwenye duka la dawa mjini, na mwenye duka alikuuzia alichokuwa nacho. Mama aling'oa sukuma zote mpaka mizizi, akachoma, akafagia pale palipokuwa na matuta, na mpaka leo anapafagia kila asubuhi. Mboga ya majani haijaingia mdomoni mwake. Ukimtajia Bwana Shamba anakuwa mtu mwingine. "Ofisi walimjengea ya nini?" huwa anasema. "Siku moja tu. Siku moja angekaa kwenye kiti chake." Mimi huwa natoka nje.

Mnaweza kucheka mkijua kazi yangu. Nalima mboga. Bado naishi kwa mama, lakini nina eka mbili karibu na barabara ya lami, nawauzia wenye loji, broko, zukini, vitu ambavyo mama hajui hata vinapikwaje, na nimeajiri wanawake watatu. Wakiniuliza jambo, hata liwe la kijinga namna gani, najibu. Nina hasira za haraka, wanajua, lakini kwenye maswali sijawahi kumpandishia mtu sauti.

Habari zake za huko Ngorongoro nilizipata kwa bahati, kwa mama mmoja wa Kimasai aliyekuja dukani mjini kutafuta mbegu za sukuma. Mama mtu mzima, shanga mpaka kifuani. Nikamwamkia, "Takwenya, yeyo," akaitikia, nikamuuliza bustani anaifanyia wapi na mbuzi wote wale. Akasema wanapanda kwenye magunia, wanayaweka juu ya kichanja, na aliyewafundisha ni mzee mmoja wa kilimo aliyekuwa kwao miaka mingi.

"Yule mzee alikuwa wa ajabu," aliniambia. "Akifika kwenye boma hasemi. Anakaa. Anasubiri mpaka mtu amuulize. Hata tukae mpaka ng'ombe wanarudi, yeye anasubiri tu. Ukimuuliza anasema asante, swali zuri. Hata mtoto. Kuna mama alimuuliza kama sukuma itaota kwenye damu ya ng'ombe, akasema asante, swali zuri."

Nikasema, huyo si yule ninayemjua.

"Alitufundisha miche ni kama ndama," akaendelea. "Usiinyweshe alfajiri, maji yana baridi, huku milimani inakufa. Subiri jua. Alisema alifundishwa na mama mmoja wa Buger."

Weee! Niliiacha mizigo yangu dukani nikatoka. Nilikuwa na hasira hata macho hayaoni vizuri. Alifundishwa! Kijiji kizima kinamwita mama yangu jina la ndama kwa ajili yake, na yeye anazunguka maboma ya watu anasema amefundishwa. Nilitamani siku hiyo hiyo nimtafute nimpe vidonge vyake. Sikumtafuta. Nilijua nikimkuta uso kwa uso si yeye peke yake atakayekuwa na la kujibu.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, nikasikia amestaafu na amerudi, anakaa Karatu mjini, chumba cha uani nyuma ya duka la pembejeo. Mke wake ameshafariki. Sukari imemla macho, haoni. Lakini asubuhi wanamtoa na kiti, anakaa barazani, na watu bado wanampelekea majani. Nilipita pale kwa gari mara nne, nikamwona, nikaongeza mwendo. Mara ya tano ilikuwa Ijumaa, sikuipanga. Asubuhi shambani kwangu nilikuta wadudu mafuta kwenye sukuma chache. Nikachuma jani. Nikang'oa karatasi kwenye daftari la oda.

Alikuwa amevaa shati jeupe, limechomekewa. Buti hazipo, ni kandambili, na miguu imevimba.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba. Kaa kwanza." Akanyoosha mikono yote miwili. "Niletee jani."

Nikampa. Aliifungua ile karatasi kwa vidole, taratibu, akaipapasa mistari yake kama anasoma. Akaligeuza jani, akapitisha kidole chini yake. Kidole kikasimama.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njia nzima, ya kumsema. Yote yalinipotea.

"Wa Mama Ndama," nikasema. "Wa Buger."

Wateja wakapita, mwenye duka akamsalimia mtu, pikipiki ikawaka ikaondoka. Jani bado liko mikononi mwake.

"Nilikuona," akasema.

Nikatazama kandambili zake.

"Ulikuwa mlangoni. Sketi ya shule, karatasi mkononi. Niliona hata kwamba ni jani, nikasema moyoni, huyu nitamhudumia, ngoja kwanza nimalize. Watu walikuwa wanacheka vizuri. Nikasema neno jingine moja, kuhusu mbuzi. Nilipotazama tena mlango ulikuwa mtupu." Akaligeuza lile jani. "Ningeweza kukuita. Ilikuwa ni kukuita tu."

"Na mimi ningeweza kuingia," nikasema, na hapo nililia, mwanamke mzima, barabarani, watu wanatazama. Nilimuuliza kwa nini alisema uongo msibani. Akasema ulikuwa mtoto, na mama yako alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja.

"Yeye bado anakuchukia," nikamwambia. "Anasema hukuwepo."

"Najua. Mwache." Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Sijui. Mimi nimezeeka, na ninaondoka na hilo. Lakini wewe unalala naye nyumba moja."

Nikafuta uso kwa kitenge. Sijui nilichokuwa nafikiri. Nilisimama wima mbele ya kiti chake, mikono nyuma, jinsi tulivyokuwa tunasimama.

"Bwana Shamba, mama amenituma. Mboga zetu zina wadudu. Anauliza tufanye nini."

Midomo yake ilicheza. Nilidhani hataweza. Lakini akakaa sawa, na ilitoka ile sauti yenyewe.

"Hao ni wadudu mafuta. Chukua kipande cha sabuni ya mche, kama kidole gumba. Ndoo ya maji. Koroga mpaka ipate povu. Nyunyizia chini ya jani, si juu, jioni. Baada ya siku nne rudia. Dawa ya mifugo usiguse. Sema nilivyokuambia."

Nikasema. Sabuni, ndoo, povu, chini ya jani, siku nne. Dawa ya mifugo usiguse.

"Tena."

Nikasema.

"Mara ya tatu."

Ya tatu ilinishinda katikati, tukaanza upya, na nikaimaliza. Yote hiyo haikuchukua hata dakika tano. Akaikunja ile karatasi, mara mbili, kwa kingo zake, akanirudishia.

"Haya. Nenda ukamwambie mama yako."

Nilifika Buger jua likiwa bado juu. Mama alikuwa zizini, ameshika kamba ya ndama aliyezaliwa wiki ile, anamnywesha. Nilisimama langoni mpaka aliponiona. Nywele zake zote ni nyeupe sasa. Nyuma yake pale palipokuwa na matuta palikuwa pamefagiliwa.

"Mama," nikasema. "Ijumaa ile nilimkuta."

Hakuuliza Ijumaa gani. Ndama aliacha kunywa, akainua kichwa, na mama akaendelea kushika kamba kwa mikono yote miwili, ananitazama mimi.

"Akasemaje?" aliniuliza.